Shingo ya Bwana Yangu na Sombe Bila Munyu

Bwana yangu hakujua kunyolewa bila kuvunjishwa shingo. Kinyozi wetu hapa Kolwezi akimaliza nywele, anakamata kichwa, anakizungusha huku, kah! anakizungusha kule, kah! na bwana yangu anarudi nyumbani kama amebatizwa upya. Mi nilimwambia: "Tata, hiyo shingo si kifuniko cha chupa." Anisikie mi?

Jumapili moja alirudi kutoka kwa kinyozi akisema shingo inamuuma upande wa kushoto. Akakaa mezani, akaonja sombe ya majani ya muhogo, akakunja uso kama kila siku anapotafuta munyu, chumvi yake. "Mama, hii sombe..." Nikamkatiza. Kama hupendi, rudi kwa kinyozi wako akupikie! Akanyamaza. Yee! Nilidhani nimeshinda, maana mtu huyu hajawahi kukosa jibu. Nikazidi kumchapa maneno, mpaka tonge la bukari likamtoka mdomoni na mkono wa kuume ukaangukia ndani ya sahani.

Mungu wangu! Nilipiga kelele, avenue nzima ikaja. Kampuni yake ya mgodini ilimtafutia ndege, siku ileile tukafika Afrika ya Kusini. Munganga wa hospitali akanieleza: mshipa wa shingo umechanika ndani, damu imeganda pale, kipande kimepanda na kuziba njia ya ubongo. Watapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, upite mpaka juu kichwani, ukivute kile kipande kitoke.

Mama mukwe, anayekaa Kasulo, mtaa ambao watu wanachimba madini ndani ya nyumba zao, akanifokea kwenye simu: "Bugonjwa iko mu kichwa, bo banatafuta nini mu paja ya mutoto yangu?"

"Mama, kwenu kule shimo linaanzia chumbani, na madini yako chini ya jikoni ya jirani. Si ni hivyo?"

"Aah, bon," akasema. "Ubaambie basisahau taa."

Nilikaa kwenye korido nikiomba kitu kimoja tu: arudi na mdomo wake, uleule unaonichosha.

Walipomaliza, munganga akamwomba aseme neno. Akaniangalia. Mdomo ukahangaika.

"Munyu," akasema. "Munyu... haiko."

Nililia mpaka muuguzi akadhani nimefiwa.

Sasa waganga wamemkataza munyu, kwa hiyo sombe yangu kweli haina ladha. Kinyozi naye anaogopa hata kumgusa sikio. Lakini siku bwana yangu akila kimya, mi siwezi kumeza. Ninamuuliza: "Tata, munyu iko?"

"Haiko hata kidogo! Ulipika na usingizi?"

Ndipo na mi ninaanza kula.