Rafu ya Chini

Kwa miaka ishirini na mbili Mzee Faili, karani wa masjala ya hospitali, hakupoteza faili hata moja, na hakukosa kumkumbusha hivyo yeyote aliyesimama karibu. La kwanza kumpotea lilikuwa lake mwenyewe. Siku hizi hukisimulia kisa hicho yeye, kabla wenzake hawajamwahi.

Alikuwa na uvimbe mdogo kama haragwe kwenye kimoja cha vile vitezi vinne vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Kitezi hicho kiliikamua mifupa bila huruma. Viungo vikamuuma, figo zikafanya mawe, kichwa kikawa chujio. Yeye akajipima mwenyewe, akasema ni uzee, akajitibu kwa maziwa mpaka mkewe akamuuliza, "Baba, unangoja kuota pembe?"

Ultrasaundi ya shingo haikuona kitu. Akapelekwa hospitali nyingine, akadungwa dawa yenye mionzi na kupigwa picha. Wakapiga simu kwamba doa limeonekana, picha ikafuata kwa bahasha. Upasuaji ukapangwa Alhamisi. Jumatano asubuhi daktari mpasuaji akaja masjala kuitaka picha hiyo.

"Niliihifadhi mwenyewe," Mzee Faili akasema kwa fahari. Kisha akaanza kupekua rafu, na faili lake halikuwepo mahali pake.

Saa nzima ikapita.

"Bila picha sikukati, mzee," daktari akasema. "Shingo ya mtu si mfuko wa suruali nipapase tu. Na ukiikosa kesho, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne."

Karani mwenzake, dada aliyemvumilia miaka kumi, alicheka mpaka akashika meza. "Kaka, si wewe uliyetufundisha? Faili likikosekana, tazama rafu ya chini yake. Mkono uliochoka hauinuki."

"Hiyo ni kwa wavivu!"

"Haya, tumtafute huyo mvivu."

Akapiga magoti, mifupa ikilia kama bawaba kavu. Faili lilikuwepo, rafu ya chini, lenye jina lake kwa mwandiko wake mzuri.

Daktari akaiinua picha dirishani. Doa lilikuwa chini ya shingo kabisa, nyuma ya mfupa wa kifua.

"Kumbe kitezi nacho kimeshuka rafu moja!" dada akasema.

Alhamisi kitezi kikatolewa, damu ikapimwa palepale, homoni yake iliyokuwa ikikamua mifupa ikawa imeshuka. Mzee Faili alipozinduka, sauti kama ya jogoo mwenye mafua, aliuliza kwanza, "Ripoti ya upasuaji nani anaihifadhi?"

"Dada wa masjala," daktari akajibu. "Amesema wewe usiiguse."