Mtaro wa Kadii Uliopinda

Kadii ana mdomo, hilo kijiji kizima cha Wema kinalijua. Shamba lake la mpunga liko bondeni, na maji yakizidi sharti yatolewe. Miaka nenda miaka rudi alichimba mtaro ulionyooka, kingo zimesimama wima, na kila mvua kubwa maji yalipita kwa hasira, yakabomoa kingo, yakaondoka na mpunga. Mwishowe alichoka. Akachimba mwingine wa kupindapinda kama kijito: chini mfereji mwembamba wa maji ya kila siku, na juu yake, huku na huku, ngazi pana za udongo zenye nyasi, ili maji yakijaa yatandae humo yapunguze kasi. Shemejiye Tsuma alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama mtaro umelewa.

Kiangazi kilipobana, nyasi zile ndizo pekee zilizobaki kijani. Hirbo, mfugaji wa Kiorma, akateremsha ng'ombe wake. Wakanywa, wakala, kisha wakapanda ng'ambo wakaingia mpunguni.

Tsuma hakuuliza mtu. Panga lake lilikata mshipa wa mguu wa fahali, mnyama akaporomoka akikoroma. Rungu la Hirbo likampasua Tsuma kichwa. Kadii akajitosa katikati, na pigo la pili likamvunja mkono wa kulia. Maji ya mtaro yakawa mekundu.

"Malka, njia ya ng'ombe kwenda majini, hufunguliwa na wazee wa pande mbili," alisema Kadii, meno ameyakaza. "Wewe nani amekupa?"

"Wewe, mama," alijibu Hirbo. "Mteremko, maji, nyasi. Mfugaji aone nini tena?"

Kadii akageuka kuutazama mtaro wake. Alipouchimba aliwaza maji tu, ng'ombe hakuwafikiria hata chembe.

Tsuma alishonwa hospitalini Garsen, akarudi akiapa kuufukia mtaro, kisha amfukie Hirbo juu yake. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaamua: ama mtaro ufukiwe, ama Kadii atoe malka kamili, yenye ua wa miiba. Njia hiyo ingepita katikati ya mpunga ulioanza kutoa masuke.

Kesho yake Kadii aliingia shambani na panga katika mkono wa kushoto. Tsuma akataka kumpokonya.

"Sogea, shemeji, nisije nikaanza na wewe."

Tsuma akasogea. Kadii akafyeka njia ya malka, akilia waziwazi, akimtukana Hirbo, na Tsuma, na wazee, na maji yenyewe. Mpunga mchanga ukalala chini, na ng'ombe wakaula mbele ya macho yake.