Santuri Mbili, Do Moja

Siku za juma Karwirwa alifundisha nasari mjini Embu, na Jumapili asubuhi aliongoza kwaya. Lakini Jumapili hii ya mwaka 1996, saa nane mchana, alikuwa amesimama nyuma ya mashine mbili za santuri katika ukumbi mmoja karibu na mtaa wa Dallas, mjini humo humo, bado na blauzi ya kwaya, amejaa furaha. Alitaka kucheka na hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Mwenye ukumbi, Mzee Ndambiri, alimpa saa moja ya majaribio.

"Mwalimu, mimi sina maneno mingi," alimwambia. "Hawa watu wakirudi kukaa, Kiambi anarudi kwa mashine. Wakibaki floor, hii kazi ni yako."

Kiambi ndiye aliyekuwa DJ wa hapo. Yeye alikuwa akizima wimbo, akipayuka kwenye maikrofoni, kisha akianza kutafuta mwingine. Watu walishazoea: wimbo ukiisha, kila mtu huyoo kwa kiti chake, na wanaume waanze kubembeleza wasichana upya. Karwirwa alitaka wimbo usiishe kabisa.

Binamu yake Koome alikuwa amemletea kutoka Uingereza katoni ya santuri za progressive house, muziki wa disko wa nyimbo za dakika tisa, kumi, zinazopanda polepole. Karwirwa alizishughulikia kama nyimbo za kwaya. Alihesabu mapigo ya kila dakika kwa saa ya mkononi, akaimbaimba hadi akaipata do, ile sauti ya msingi ya wimbo, akaandika vyote kwa penseli kwenye jalada. Santuri mbili zenye mapigo sawa na do moja ziliingiana hata usijue ya kwanza imeishia wapi. Do zikigombana, hata mapigo yakiwa sawa, ziliumiza masikio kama soprano asiyekuja mazoezi.

Dakika arobaini zikapita, hakuna aliyekaa. Kisha akatoa santuri aliyoipenda kuliko zote, akasoma jalada. Mapigo 131! Iliyokuwa ikicheza ilikuwa 124, tena do yake iko chini kwa nusu sauti. Kwa kiherehere chake alikuwa amezipanga vibaya, na wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Kiambi, ambaye macho yake hayakubanduka pale mezani, alishaishika maikrofoni.

Ndipo akakumbuka: santuri ukiikimbiza, sauti nayo hupanda. Akashika kidude cha mwendo, akakisukuma kidogo kidogo. 125. 127. Watu wakaanza kurukaruka bila kujua nani anawakimbiza. Kwenye hedifoni do ya chini ilipanda, ikapanda, na mapigo yalipofika 131 ikatua juu ya mwenzake, sawasawa! Karwirwa akapiga yowe. Akaifungulia ile ya pili, na ukumbi mzima ukapiga yowe naye.

Mara msichana mmoja akatoka kati ya wachezaji, jasho likimtiririka, akaja moja kwa moja hadi mezani. Alikuwa Veronicah, karani wa posta. Karwirwa akawaza: huyu ndiye wa kwanza kuondoka.

"Madam, huu wimbo unaisha saa ngapi?"

"Umechoka?"

"Nilimwambia Muriuki nitadance na yeye wimbo moja tu! Sasa karibu ni saa nzima!"

"Basi niuzime?"

"Wewe! Jaribu uone. Nishikie viatu."

Karwirwa akavipokea, akaangaza pa kuviweka. Viti vyote ukumbini vilikuwa vitupu, hata cha Mzee Ndambiri.