Jina la Saidi Halikukatwa

Nakumbuka mengi ya duka letu la mtaa wa Nguvumali, mwanangu, lakini siku ile moja ndiyo inayonirudia hata nikiwa nakula.

Sikuwa kijana wa umri, ndevu zilishaanza mvi. Kazini ndiko nilikokuwa mtoto. Maisha yangu yote nilichora mabango kwa brashi, shule niliishia darasa la pili, basi ilipokuja mashine ya kukatia stika nikawa mtu wa kung'oa mabaki na kubandika. Mwenye kuijua mashine alikuwa kijana mmoja, Saidi. Dukani tulikuwa wawili tu. Yeye anaandika jina kwenye kompyuta, kisu kinakwenda mbio juu ya plastiki, herufi zinatoka safi. Nilizionea wivu zile herufi, nisikufiche.

Ila Saidi alikuwa na tabia moja. Mara nyingine kompyuta ilikataa kuiona mashine, ikabidi aweke upya draiva, yaani ile programu inayoziwezesha mbili hizo kusikilizana. Hapo hugeuza skrini ukutani. "Mzee, hebu kaniletee chai." Nikirudi, mashine inakata, na chai hanywi. Sikuuliza.

Sasa, bodaboda wa pale wana ada yao. Mwenzao akifa, kila pikipiki inayosindikiza jeneza hubandikwa jina lake. Majina hayo Saidi aliyakata bure. Kisha homa ikamlaza, na alfajiri moja akafariki, Mungu amrehemu.

Asubuhi akaja Rajabu, kiongozi wao, macho mekundu.

"Shikamoo mzee. Tukatie jina la Saidi. Anazikwa baada ya adhuhuri."

Nikaandika jina, nikabonyeza. Kimya. Kompyuta inasema haioni mashine. Rajabu akaipiga kofi ubavuni.

"Hiyo si pikipiki yako, bwana wee, uipige kiki!" akapiga kelele mwenzake mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Rajabu akatafuta draiva mtandaoni. Kumbe zipo chungu nzima, majina yanafanana. Akaweka moja, ikakataa. Akaifuta ile aliyoiacha Saidi, akaweka nyingine, mambo yakazidi kuharibika. Nikazishika brashi zangu za zamani, lakini makopo ya rangi yalishakauka siku nyingi. Nje pikipiki zimejipanga, zimeoshwa, hazina jina. Adhana ikalia.

"Basi, mzee," akasema. "Twende tukamswalie."

Tukamzika hivyo hivyo. Aliyewakatia wenzake wote, lake halikukatwa.

Baadaye alikuja fundi wa kompyuta, akaweka draiva yenyewe, akanionyesha kosa la kwanza. Saidi alipokuwa mgonjwa, waya wa mashine ulichomolewa wakati wa kufagia, ukarudishwa kwenye tundu jingine. Kompyuta ikaipa mashine namba mpya, na programu ya kukatia ikaendelea kutuma kazi kwenye namba ya zamani. Unaibadilisha namba, basi. Fundi akauliza tujaribu kwa jina gani. Nikamwambia jina lolote.

Siku ya khitma, kule kwao Mabawa, nilikaa mkekani na Mzee Mbwana, baba wa marehemu. Maneno yakanitoka: "Mwanao alituficha kazi, mzee mwenzangu." Hata leo sijui yalinitokaje, mbele ya mfiwa.

Mzee Mbwana akaiweka tasbihi yake mkekani.

"Ni mimi," akasema. "Duka la kwanza alimfundisha mwenzake kila kitu, kisha tajiri akamtoa yeye, akambakiza yule. Alirudi nyumbani analia, mtu mzima. Nikamwambia, safari hii usimwonyeshe mtu. Akanisikia." Akafuta uso kwa kanzu. "Laiti asingenisikia."

Nikasogea karibu yake, tukaitikia dua pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, siku unayoweka draiva, mwite mwenzako akae kando yako. Mwonyeshe ulikoitoa, tundu la waya, na namba ya mashine. Kisha mwachie kiti afanye mwenyewe, wewe ukitazama, tena siku ambayo hakuna mteja anayengoja. Huenda atakuja kukunyang'anya hicho kiti. Saidi alinyang'anywa, na iliuma, sisemi haikuuma. Fundisha hivyo hivyo.

Mungu akuepushe na hofu iliyomfunga yule kijana. Akupe riziki ya halali na wenzako wema, na siku yako ikifika, awepo anayeweza kuliandika jina lako. Amina.