Bi Kimya atafuta wa kumwachia chumba cha masikio

Kitambaa chekundu kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wa mwisho wa korido, na kila mtu hapa hospitalini anajua maana yake: funga domo lako. Jamaa wa chumba cha kufulia, jirani wa ukuta kwa ukuta, amekwisha kuzima mashine yake inayonguruma na kuketi juu ya lundo la mashuka akisubiri ruhusa. Mhudumu wa toroli la chakula amevua viatu na anapita peku.

Nje ya mlango kuna beseni la plastiki. Humo simu zote hulazwa, ya daktari bingwa na ya mfagizi, bila upendeleo.

Ndani, taa imezimwa. Mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi anawatazama waliomo mmoja mmoja, kama anayehesabu kuku.

"Mtoto akishalala, sisi sote tumekufa," ananong'ona. "Atakayekohoa, nitamzika mwenyewe."

Huyo ndiye Bi Kimya. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, halina kazi nyingine. Wauguzi wanasema kimya chake chote anakimalizia humu ndani. Akitoka nje hana hata chenji ya kukurudishia.

Kwa karibu miaka thelathini amekuwa akipima usikivu wa watoto wachanga, na tangu nywele zianze kumbadilika amekuwa akifundisha wengine kuupima. Mwisho wa mwaka huu anastaafu. Mkuu wa hospitali amemwambia wazi kwamba asipopatikana mpimaji mwenye cheti wa kushika nafasi yake, chumba kitafungwa na kuwa stoo ya magodoro.

"Nikamwambia, bosi, hiyo kazi rahisi, magodoro yenyewe yapo tayari," anasema akicheka hadi miwani inamshuka. Hasemi uongo. Kuta za chumba zimefunikwa kwa magodoro makuukuu ya wodini, ili sauti za nje zisipenye.

Kicheko kinakatika. "Chumba kikifungwa, watoto watarudi kupigiwa sufuria nyuma ya kichwa. Sufuria ina kivuli, ina upepo. Mtoto akigeuka umempima macho na ngozi. Masikio hujayabishia hata hodi."

Mwaka huu alianza na wanafunzi watatu. Wawili walinyakuliwa na maduka ya vifaa vya kusikia, yanayolipa karibu mara tatu ya mshahara wa hapa. Hawalaumu. "Tumbo nalo lina masikio," anasema.

Amebaki mmoja, muuguzi wa zamani wa wodi ya watoto. Ana sauti ndogo mno, ukimwomba chumvi mezani itabidi umsome midomo akikujibu. Wenzake wakamwita Mnong'ono, na leo Mnong'ono ana mtihani wake wa mwisho.

*

Darasa la Bi Kimya ni la aina yake. Kwingine anayelala darasani hutolewa nje. Hapa, asiyeweza kulaza mtu ndiye anayefeli.

Mashine yenyewe haihitaji jibu la mtoto. Vibandiko vinawekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, vijiplagi laini vinapiga tik-tik-tik sikioni, na mashine inachungulia kama ubongo umeipokea ile sauti. Ikipokelewa, mstari kwenye skrini unainuka kama kilima. Isipopokelewa, unalala kama barabara mpya ya lami. Lakini mtoto akinyonya, akijinyoosha au akilia, skrini nzima inakuwa vurugu. Lazima alale fofofo.

Ndiyo maana wiki za kwanza wanafunzi hawagusi mashine. Wanabembeleza. Mama huelekezwa amlete mtoto akiwa na njaa na asimwache asinzie njiani, kisha anyonyeshwe hapa hapa, gizani, mpaka kope zigeuke jiwe.

"Mmoja wa wale wawili alinijia juu siku ya pili," Bi Kimya anakumbuka. "Eti, mwalimu, nimesoma chuo miaka minne nije kuwa yaya? Nikamwambia, baba, hiyo shahada yako mwonyeshe huyu mtoto. Akiikubali akalala, nami nitaikubali."

Somo la pili ni neno moja: hasikii. Watu wanalitamka kila siku korido nzima. Mama analeta mtoto wa miaka minne, anamsukuma mbele: "Huyu hasikii, nimemchapa mpaka nimechoka." Mwanafunzi anatakiwa aulize, kwa upole, ni kutosikia kupi: kwa ukaidi au kwa masikio? Mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku moja mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Basi hata mume wangu mumpime. Hasikii, hasa mwisho wa mwezi."

"Mlete," Bi Kimya akamjibu. "Ila ugonjwa wake mashine yake haijaletwa nchini."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Kisha akamgeukia Mnong'ono na kumwambia polepole kwamba yule wa miaka minne amechapwa fimbo za bure. "Akigundulika na miezi mitatu, tunao muda wa kumpa vifaa na lugha ya alama, na wazazi wanao muda wa kujifunza naye. Mtoto anaanza kuokota maneno kabla hajaota jino."

*

Mikono ya Mnong'ono haimtii mwalimu wake shaka. Kinachomnyima usingizi ni mdomo.

Miezi kadhaa iliyopita, Mnong'ono alimpima mtoto wa kiume akakuta masikio yote mawili hayapokei kitu. Mama alikuwa anamtazama machoni. Mnong'ono akasema, "Mtoto wako anasikia kwa namna yake."

Mama akaondoka anafurahi. Akaenda akapika, akaita majirani. Bi Kimya alipolisoma faili jioni yake, alitoka mbio na viatu vya wodini mpaka kituo cha mabasi, asimkute, na faili halikuwa na namba ya simu. Mama yule alirudi baada ya nusu mwaka, safari hii analia.

"Kwa namna yake!" Bi Kimya anasema, na hapo hacheki. "Huruma ya namna hiyo ni wizi. Umemwibia mtoto miezi sita."

Mnong'ono mwenyewe hajitetei. "Nyumbani tumelelewa kwamba mkubwa humwambii neno la kumuumiza," anasema, na inabidi usogee kumsikia. "Nilidhani nimempunguzia."

*

Sasa yuko mbele ya mashine. Mama kijana ameegemea kiti, binti yake wa miezi mitatu amelala kifuani. Kando ameketi bibi, mama wa mume, aliyekuja kuhakikisha hakuna anayeusingizia ukoo wake ugonjwa. Kabla taa haijazimwa amekwisha kutangaza, "Mtoto huyu hana lolote, ni mtulivu tu. Hata mlango ukibamizwa haamki. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, alichelewa kusema, na leo nani atamnyamazisha?"

Pembeni, kwenye kiti cha mikono, yuko mkaguzi. Ni mzee wa suti aliyetumwa na baraza la taaluma na kuanza safari kabla ya jogoo. Masharti yake ni mafupi: mwalimu akitamka neno lolote, mwanafunzi amefeli.

Sikio la kushoto. Mstari umelala. Mnong'ono anaongeza sauti, anarudia, kwa sababu hapa hakuna linaloaminiwa kabla halijaonekana mara mbili. Bado lami tupu.

Sikio la kulia. Anapanda ngazi kwa ngazi. Kwenye sauti kubwa kabisa kuna kitu, kama kichuguu kinataka kuota. Ni hapa ndipo chumba kinapaswa kuwa kaburi.

"Khrrrrr."

Mstari unaruka ovyo. Mnong'ono anaangalia mtoto, anaangalia mama. Halafu wote wanageukia pembeni. Giza, joto la magodoro na safari ya alfajiri vimefanya kazi yao. Mkaguzi amelala, kidevu kifuani, anakoroma kama mwenye shamba.

Bibi anaanza kutikisika mabega. Bi Kimya ameuma leso yake kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Hawezi kusema neno. Mtoto naye hajalala milele. Akiamka, mtihani umekwisha.

Mnong'ono anainuka, anainama kwenye sikio la mkaguzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," anajibu mzee bila kufungua macho, na kuendelea kukoroma pale pale alipoachia.

Bi Kimya anasema hapo moyo wake ulishuka mpaka kwenye soksi. Aliiona stoo ya magodoro kwa macho yake.

Kisha inatoka sauti ambayo chumba hiki hakijawahi kuisikia. Haipigi kelele, lakini imenyooka.

"Mzee, unakoroma. Unaniharibia kipimo cha mtoto. Naomba usubiri nje mpaka nimalize."

Mkaguzi anafumbua macho. Anamtazama mwanafunzi, anamtazama mwalimu mwenye leso mdomoni, anachukua jalada lake na kutoka kwa ncha za viatu. Tangu hapo anafuatilia kupitia kioo kidogo cha mlangoni, pua imebanwa kwenye kioo.

"Na wewe bibi," Mnong'ono anasema, "ukicheka tena utamfuata."

Bibi anafunga mdomo kwa viganja viwili.

Kichuguu kinarudi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mnong'ono anaweka kifaa cha kutikisa mfupa nyuma ya sikio, kuhakikisha si maji tu yaliyoziba njia. Si maji.

*

Taa inawashwa. Mkaguzi anaingia na kusimama ukutani. Kiti hakitaki tena. Mnong'ono anavuta kigoda, anakaa chini kidogo ya mama.

"Mama, mtoto wako hasikii. Kushoto, hata sauti kubwa kuliko zote haipokei. Kulia anapokea kidogo, kwenye sauti kali kama ile mashine ya kufulia ukisimama karibu nayo. Maongezi yetu haya hayasikii."

Mama anamkumbatia mtoto. "Ni maziwa yangu?"

"Hapana. Si maziwa, na si kosa ulilofanya."

"Baba yake alichelewa..." bibi anaanza.

"Baba yake alichelewa kusema, bibi, lakini alikuwa anasikia. Huyu tusipoanza sasa, hatachelewa tu, atakosa lugha kabisa."

Bibi anatengeneza mtandio ambao haujaharibika. Sauti inapotoka si ile ya mwenye ukoo.

"Nimemwimbia kila siku tangu azaliwe. Nyimbo zangu zote zile?"

Bi Kimya anasema hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa. Lile jibu la zamani lilikuwa limekaa hapo hapo, tamu, linasubiri kuokotwa.

"Hakuzisikia, bibi," Mnong'ono anasema. "Alipokuwa kifuani kwako alihisi kifua kikitetemeka, na aliuona uso wako. Endelea kumwimbia hivyo, mbele ya macho yake. Na mikono yako tutaifundisha kuimba."

Bibi analia wazi, bila kujificha. Halafu ananyoosha mikono apewe mjukuu wake.

Kule ukutani, mkaguzi anaandika kwa muda mrefu. Anapomaliza anampa Mnong'ono mkono.

"Binti, nimekagua watu miaka mingi. Kufukuzwa darasani ndiyo mara ya kwanza," anasema. "Cheti chako kitakuja. Nawe ukikipata, usianze kusalimia wanaokoroma. Anza na kuwafukuza."

*

Wiki iliyofuata, chumba cha masikio kinaendelea na kazi. Stoo ya magodoro italazimika kutafutiwa pengine. Wanafunzi wapya wawili wameomba nafasi, na Bi Kimya ameamua kutowapokea yeye. Watapokelewa na Mnong'ono.

Mipango yake mwenyewe baada ya kustaafu anaitaja akihesabu kwa vidole. Anataka kuzunguka wodi za uzazi kuwafundisha wakunga, ili asiwepo mama anayetoka na kichanga bila masikio yake kuangaliwa. "Na nitalala mchana," anaongeza, "nimeshalaza watu wa kutosha."

Anapozungumza, mama kijana anatokea koridoni, binti mgongoni. Leo wamekuja kuchukuliwa vipimo vya vifaa vya kusikia. Nyuma yake anakuja bibi, anajaribu ishara ya "maziwa" kwa vidole na kujikosoa mwenyewe kwa sauti.

Mama anasimama mbele ya Bi Kimya.

"Samahani, mama. Yule mpimaji wetu yuko wapi?"

Bi Kimya anamwonyesha mlango kwa kidole. Mama anashukuru na kupita, bila hata kumtazama mara mbili.

Mwalimu anabaki amesimama katikati ya korido, uso wote meno.

"Umeona?" anasema. "Nimeulizwa njia, kama mlinzi wa geti. Basi mimi nimeshastaafu, barua yao ije wakati wowote tu."