Mwaka Kofia Zilipokuja kwa Maboksi

Kanji ya kukazia kofia ikichemka jikoni, nyumba yetu yote ya Mkunazini ilinuka kama uji ulioungua kidogo, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya utoto. Mama yangu, Bi Zuhura, alishona kofia za viua, zile nyeupe ambazo mshonaji hutoboa vitundu kwa sindano na kuvizungushia uzi kimoja kimoja mpaka nakshi itokee. Kofia moja ilimchukua miezi. Ikimalizika aliifua, akaitia kanji, akaivisha juu ya kopo la maziwa ikaukie dirishani, na sisi watoto wake wawili, mimi na dada yangu Rukia, tulikatazwa hata kuipumulia. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikula kwa sindano ile. Nakshi ya Mama ilikuwa yake peke yake, mfano wa makuti yaliyoelemeana, na siku za Ijumaa watu walipotoka msikitini tulizitambua kofia zake vichwani mwao, Rukia akanifinya mkono kwa fahari.

Mwaka ninaoukumbuka, Rukia alikuwa amemaliza skuli, na wakala mmoja alikuwa akija kumshawishi aende Maskati kufanya kazi za nyumbani. Mama hakutaka kusikia. Ndipo Bwana Nassor, mwenye duka Darajani, alipokuja kuomba kofia moja asafiri nayo nje, wafanyabiashara wa huko waione. Mama alidhani oda zitafuata. Alimpa iliyo bora, akakataa malipo, akaanza kuwafundisha majirani kutoboa ili kazi isije ikamshinda. Wakala aliporudi, alimjibu mlangoni kwamba binti yake amepata kazi hapahapa, atashona.

Kofia zilikuja kutoka nje karibu na Ramadhani, ndani ya maboksi yaliyorundikwa mpaka barazani pa duka. Tulikwenda sote watatu. Mama alichukua kofia moja, akaigeuza upande wa ndani, akapitisha kidole pembeni. Akachukua nyengine, na nyengine tena. Katika ile aliyompa Bwana Nassor, kiua kimoja kilikuwa kimekwenda upande, kwa sababu alikitoboa huku mimi naumwa homa mapajani mwake. Sasa kila kofia ilikuwa nacho, pale pale.

"Nassor," alisema, bila ya kumwita Bwana, "wamenakili hata kosa langu."

Bwana Nassor hakuona haya, wala sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. "Nsipoleta mimi, Bi Zuhura, ataleta mwengine. Ukitaka ntakupa za jumla ukazitembeze."

Utotoni nilimchukia tu. Leo naona jambo lenyewe lina pande mbili. Idd ile, watoto wa seremala jirani yetu walivaa kofia mpya wote kwa mara ya kwanza, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo mtu akikwambia biashara ya dunia haina faida, usimkubalie haraka. Lakini faida iligawika kidogo kidogo kwa wengi, na hasara ikaangukia nyumba chache, nzima nzima, wala hakuna aliyekuja kuuliza nyumba hizo zitakula nini. Sijui pia aliyekaa mbele ya mashine kule zilikoshonwa alilipwa nini. Huenda naye alikuwa msichana aliyemwacha mama yake mbali.

Baada ya Idd Rukia alifunga sanduku la safari ya Maskati. Mama alimsihi angoje, watu watazichoka kofia za mashine.

"Nnakwenda, Mama," Rukia alisema. "Tukisubiri watu wachoke, sisi tutakuwa tushachoka zamani."

 Mama alimvua mtandio, akamfunga upya kama mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani, akaniambia nimbebee dada yangu mkoba mpaka garini.

Siku hizi kofia za mkono zina bei kubwa na zinatafutwa, lakini macho ya Mama hayaoni tena tundu la sindano. Kwa chakula na paa tumeendelea, na sitaki kukufuru. Zamani tulilala chumba kimoja tukisukumana. Leo tuna nyumba Chukwani, iliyojengwa kwa fedha za Rukia, ambaye amewalea watoto wa mwajiri wake mpaka wakaoa. Akipiga simu huuliza kama upepo wa bahari unaingia chumbani mwake, na Mama humwambia unaingia. Chumba hicho tulichomwekea ndicho kikubwa kuliko vyote. Mama hukifagia kila Ijumaa, na godoro bado limo kwenye nailoni yake.