Doti Nyekundu Kumi na Nne

Kiwandani walimwita Mama Pumzi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapulizisha wafanyakazi kwenye mashine na kupima mapafu yao. Kwa miaka sita aliona namba za chumba cha kuchambulia pamba zikishuka. Vumbi lilitanda humo kama ukungu, na humo ndimo alimofanya kazi shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa utani ambaye siku hizi kicheko chake kiliishia kwenye kikohozi.

Mara ya kwanza aliingia kwa wakurugenzi na kurasa arobaini za majedwali. Akasoma wastani, akasoma asilimia. Mmoja alichezea simu. Mwenyekiti akauliza, "Sasa mama, tufanye nini na haya?" Kabla hajajibu, wakahamia ajenda nyingine. Alikuwa ametwanga maji kinuni.

Mwaka uliofuata alikwenda na karatasi moja aliyoichora mwenyewe: doti themanini, kila moja mtu, kumi na nne nyekundu.

"Hawa wekundu," akasema, "hawawezi kupanda ngazi mlizopanda asubuhi hii bila kukaa njiani. Tusipofunga mashine za kufyonza vumbi, mwakani watakuwa thelathini."

Safari hii walimwelewa. Mwenyekiti alimshukuru sana, kisha akaomba majina. Akayatoa kwa moyo mweupe.

Ijumaa zikatoka barua kumi na nne za kuachishwa kazi kwa sababu za afya. Suala la mashine lingeangaliwa baadaye. Mama Pumzi akapanda kwa mwenyekiti.

"Sikuomba hivi, mzee."

"Si wewe uliyetuonyesha kwamba hawafai kukaa mle?" akamjibu kwa upole.

Jioni shemeji alikuja nyumbani na barua yake.

"Shemeji, kumbe na mimi nilikuwa mwekundu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ungeninong'oneza tu, ningepuliza kwa nguvu."

Tangu hapo wafanyakazi hawakumwamini. Wagonjwa waliwatuma wenzao wazima wakapulize kwa majina yao. Aliwatambua, akaziandika namba zao nzuri bila neno, na wakurugenzi wakafurahi kuona hali imetengemaa.

Shemeji alizikwa mwezi wa nane. Watu wa chumba cha pamba walikuja mazikoni, wakampa mume wa Mama Pumzi mkono wa pole mmoja mmoja. Yeye walimpita.